Barua ya wazi: Fungueni madaftari ya wafanyabiashara wa sanaa

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Sheria na Mawaziri wa Utamaduni wa Ujerumani, Uswisi na Uingereza

Nakala: Wakurugenzi wa nyumba za mnada zinazouza kazi za sanaa za Ulaya

YAH: MALI ILIYOPORWA KWA FAMILIA ZA KIYAHUDI NA FAIDA INAYOENDELEA KUTOKANA NAYO

Waheshimiwa,

Tunaandika kuhusu picha, michoro, vyombo vya fedha, vitabu na samani zilizotoka mikononi mwa familia za Kiyahudi chini ya utawala wa Kinazi wa Ujerumani, kati ya mwaka 1933 na 1945, na ambazo hadi leo zinauzwa na kununuliwa katika masoko mnayoyasimamia. Barua hii haihusu makumbusho. Makumbusho ya umma yana kanuni, yana kamati, na walau yanaona aibu yakiulizwa. Tunawazungumzia wafanyabiashara: wenye galeri, madalali wa mnada na mawakala wanaouza kwa simu bila tangazo. Wao ndio walioitoa mali hii kwenye nyumba zilizovunjwa wakaifikisha ukutani kwa mnunuzi. Wao ndio waliokata kamisheni kila ilipobadili mikono. Na wao ndio wenye daftari linaloonyesha nani alileta nini, lini, na kwa bei gani. Sheria zenu zinawaruhusu kulifungia daftari hilo kabatini. Ombi letu ni kwamba lifunguliwe, na lifunguliwe kwa nguvu ya sheria.

Wengi wanapofikiria uporaji huona askari akivunja mlango na kubeba picha. Uporaji wa namna hiyo ulikuwepo. Kikosi cha uporaji cha Wanazi kilichoitwa ERR kilichukua zaidi ya vitu 20,000 kutoka kwa familia zaidi ya 200 za Ufaransa na Ubelgiji na kuvipitisha katika jengo la Jeu de Paume mjini Paris, ambako Hermann Göring, mmoja wa viongozi wa juu wa Kinazi, alikwenda karibu mara 20 kujichagulia. Katika operesheni ya samani iliyoitwa M-Aktion, nyumba karibu 70,000 za Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zilikombwa hadi vijiko. Lakini ndani ya Ujerumani na Austria mali nyingi ilitoka kwa karatasi zilizopigwa mihuri, na hapo ndipo wafanyabiashara wanapojificha mpaka leo, wakisema: hii iliuzwa, risiti hii hapa.

Risiti hiyo isomwe pamoja na karatasi nyingine za mwenye mali. Aliyetaka kuhama alidaiwa kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali yake yote. Mwaka 1934 kiwango cha kuanzia kutozwa kilishushwa kutoka Reichsmark (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo) 200,000 hadi 50,000 ili kodi iwanase watu wa kawaida pia. Tarehe 26 Aprili 1938 ikatoka amri kwamba kila Myahudi mwenye mali inayozidi Reichsmark 5,000 aiorodheshe. Baada ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi ya usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba mwaka huo, Wayahudi walitozwa kwa pamoja faini ya Reichsmark bilioni moja, ikakusanywa kwa kumkata kila mmoja asilimia 20 ya mali yake, baadaye 25. Mtu aliyebanwa hivyo aliuza picha ili alipe serikali, kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi aliyeijua tarehe yake ya mwisho, na fedha zikaingizwa kwenye akaunti iliyofungwa. Mauzo ya namna hiyo ni unyang'anyi wenye stempu.

Tuchukue picha moja tuifuate hatua kwa hatua, maana ndani yake mna karibu kila tunachokilalamikia. Camille Pissarro aliuchora mtaa wa Rue Saint-Honoré wa Paris wakati wa mvua, mwaka 1897. Mwaka 1939 picha hiyo ilikuwa ya Lilly Cassirer, aliyekuwa akitafuta kuondoka Ujerumani. Mfanyabiashara wa sanaa wa Munich, Jakob Scheidwimmer, ndiye aliyepewa kazi ya kuithamini. Alikataa isitoke nchini, kisha akaitaka mwenyewe kwa Reichsmark 900, akazilipa kwenye akaunti ambayo mama huyo hakuweza kuchota kitu. Mwaka 1951 galeri ya Frank Perls ya Beverly Hills ilipanga picha ihamishwe kutoka Ujerumani hadi California na kuuzwa kwa dola 14,850. Kamisheni ya galeri ikazidi dola 3,100. Mwaka 1976 mfanyabiashara Stephen Hahn wa New York alimuuzia mkusanyaji wa sanaa, Baron Thyssen-Bornemisza, kwa dola 275,000. Mwaka 1993 Hispania ilinunua mkusanyiko wa Baron, na picha iko Madrid. Familia iligundua ilipo mnamo mwaka 2000, ikafungua kesi Marekani mwaka 2005, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa bado inairudisha kesi hiyo katika mahakama za chini.

Nyuma ya picha hiyo kuna kipande cha lebo kilichochanika, cha duka la sanaa la ukoo wa Cassirer, Berlin. Kipande hicho kilikuwepo mwaka 1951, na kilikuwepo mwaka 1976. Hakuna mtu anayeuza Pissarro bila kuigeuza picha, kwa sababu mgongo wa picha ndio unaothibitisha kuwa si ya kughushi. Walioigeuza waliisoma lebo kama ushahidi wa uhalisi na kupandishia bei, bila kuuliza ukoo huo ulipatwa na nini baada ya 1933.

Wapo wafanyabiashara ambao hawakuhitaji kupuuza chochote kwa kuwa walishiriki wenyewe. Friedrich Welz alichukua galeri ya Würthle ya Vienna kutoka kwa Lea Bondi, Myahudi, kisha mwaka 1939, siku chache kabla Bondi hajakimbilia London, akachukua na picha iliyokuwa nyumbani kwake, isiyokuwa mali ya galeri hata kidogo: picha ya Wally iliyochorwa na msanii wa Austria, Egon Schiele. Ilichukua hadi mwaka 2010, baada ya picha kuzuiwa New York na kesi kudumu miaka 12, warithi wake kulipwa dola milioni 19. Bruno Lohse alikuwa mtu wa Göring mjini Paris. Mahakama ya kijeshi ya Ufaransa ilimwachia mwaka 1950, akarudi Munich na kuendelea na biashara ileile. Alipofariki mwaka 2007 lilifunguliwa sanduku la benki mjini Zürich lililokuwa kwa jina la kampuni ya Liechtenstein, na ndani yake ikakutwa Pissarro iliyoporwa Vienna mwaka 1938 kutoka kwa familia ya wachapishaji wa vitabu, Bermann Fischer. Warithi walikuwa wameitafuta kwa miongo mingi.

Hildebrand Gurlitt alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wanne walioruhusiwa na utawala wa Kinazi kuuza sanaa iliyoondolewa kwenye makumbusho. Baada ya vita aliwaambia Wamarekani kwamba madaftari yake yaliteketea Dresden, nao mwaka 1950 wakamrudishia shehena yake. Mwaka 2012 nyumba ya mwanawe mjini Munich ilipopekuliwa zilikutwa kazi zaidi ya 1,200, na madaftari ya baba yakajitokeza pia. Mchoro wa Max Liebermann wa wapandafarasi wawili ufukweni, ulioporwa kwa David Friedmann wa Breslau, ulirejeshwa mwaka 2015. Lakini kwa jumla ni kazi 14 hivi tu ambazo ushahidi wake ulitosha kurejeshwa. Miaka 60 na zaidi ya daftari kufichwa iliua mashahidi, ikafuta kumbukumbu, na warithi wengi wakafa bila kujua pa kuanzia.

Angalieni pia suala la Fritz Grünbaum, mchekeshaji maarufu wa Vienna. Mwaka 1938 akiwa mfungwa katika kambi ya mateso ya Dachau alilazimishwa kutia saini hati ya kumpa mkewe mamlaka juu ya mali yake. Mthamini Franz Kieslinger akaorodhesha kazi 449, kati yake 81 za Schiele. Fritz alifia Dachau Januari 1941. Mkewe Elisabeth aliuawa katika kambi ya mauaji ya Maly Trostinec mwaka 1942. Mwaka 1956 kazi nyingi za Schiele zilijitokeza kwa mfanyabiashara mmoja wa Bern, Uswisi, na sehemu yake zikanunuliwa na galeri ya New York. Mfanyabiashara huyo alimtaja hadharani aliyemletea, shemeji wa Grünbaum, miaka ya 1990, wakati mwanamke huyo alikuwa amefariki tangu 1979 na hawezi kuulizwa. Mahakama ya New York iliamua mwaka 2018 kwamba saini iliyotiwa Dachau haihamishi mali, na mwaka 2023 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan ikarejesha kazi saba kwa mkupuo. Kama daftari la Bern lingekuwa wazi mwaka 1957, suala hili lingekwisha wakati ndugu wa marehemu bado hai.

Sasa tueleze uchunguzi unavyofanyika, kwa sababu mara nyingi mnaambiwa hauwezekani.

Picha hutolewa kwenye fremu. Hupigwa picha mgongo mzima na kingo zote nne, kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha kwa mwanga unaopigwa ubavuni unaoinua mikwaruzo na mihuri iliyofifia, kisha kwa mionzi ya urujuanimno na ya infraredi inayoweza kuonyesha wino uliosuguliwa. Fremu ya nje, mbao za ndani zinazokaza kitambaa, na kitambaa chenyewe huandikwa kila kimoja peke yake. Fremu ya nje ikibadilishwa, lebo yake haithibitishi kitu kuhusu picha. Kitambaa kikigandishiwa kingine nyuma ili kukiimarisha, mgongo wa asili umezibwa, na hapo lazima fundi aulizwe aliona nini kabla ya kugandisha. Mbao za ndani zikiwa mpya kwenye picha ya zamani, uliza za zamani zilikwenda wapi. Mara nyingine zilitupwa kwa sababu za kiufundi tu. Mara nyingine ndizo zilizokuwa na jina.

Alama zenyewe zina lugha yake. ERR waliandika herufi za familia na namba: R kwa Rothschild, DW kwa David-Weill, UNB pale ambapo hawakujali hata kuandika mwenye mali, MA-B kwa picha zilizotoka kwenye ile operesheni ya samani. Namba iliyotanguliwa na "Mü" ni ya kituo cha Wamarekani cha kukusanyia mali Munich baada ya vita. Hapa wauzaji hukosea, au hukosea kwa faida: huiona namba ya Munich wakasema picha hii ilishashughulikiwa. La. Kituo kilirudisha mali kwa serikali ya nchi ilikotoka, hakikumkabidhi mwenyewe. Kati ya vitu karibu 61,000 vilivyorudishwa Ufaransa, karibu 45,000 viliwafikia wenyewe, 2,200 hivi viliwekwa chini ya uangalizi wa makumbusho ya taifa, na vilivyobaki, maelfu, viliuzwa na serikali. Walionunua ni pamoja na wafanyabiashara walewale waliokuwa wakiuza wakati wa vita.

Baada ya mgongo huja vipimo. Kimo huandikwa kwanza, kisha upana, kwa sentimita hadi nusu. Majina hayasaidii sana: "Mandhari yenye mto" zipo kwa mamia, na muuzaji anayetaka kuficha hubadili jina kwanza. Vipimo, saini ilipo na tarehe huoanishwa na katalogi za mnada za 1930 hadi 1945, ambazo Chuo Kikuu cha Heidelberg na Taasisi ya Getty wameziweka mtandaoni kwa maelfu. Kasoro yake ni kwamba katalogi iliyochapishwa mara nyingi humtaja mwenye mali kwa herufi au namba tu. Jina kamili limo katika nakala ya dalali mwenyewe, iliyoandikwa kwa kalamu pembeni: aliyeleta, aliyenunua, bei. Kisha hutafutwa lostart.de, hifadhidata ya mtandaoni ya mali zilizoporwa, inayoendeshwa na kituo cha Ujerumani kilichoko Magdeburg. Hifadhidata ya ERR. Na orodha ya mwaka 1946 ya kikosi cha Marekani cha upelelezi wa uporaji wa sanaa, yenye majina zaidi ya 2,000 ya walioshiriki. Jina moja la orodha hiyo likionekana kwenye mlolongo wa umiliki, mauzo yasimame.

Kinachofanyika sokoni ni tofauti. Nyumba ya mnada hulipia utafutaji katika rejista ya kibiashara ya mali zilizopotea, hupata cheti kwamba hakuna dai lililoandikishwa, huambatisha cheti, na kazi imekwisha. Cheti hicho kinasema tu kwamba hakuna aliyekuja kuandikisha. Familia iliyouawa yote katika kambi za Sobibor au Auschwitz haikubakiza wa kwenda kuandikisha. Aliyenusurika akiwa mtoto hakumbuki upana wa picha ya sebuleni. Orodha za mwaka 1938 huandika "michoro kumi na mitano, wasanii mbalimbali", na hakuna kompyuta itakayoioanisha na mchoro mmoja. Vyombo vya fedha na vitabu viko katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa vilifanana toka kiwandani na soko halivipi hata saa moja ya uchunguzi.

Kisha kuna pengo. Someni katalogi yoyote nene: "Mkusanyiko binafsi, Berlin, 1931; soko la sanaa, Uswisi; mkusanyiko binafsi." Kati ya 1931 na tarehe inayofuata imepita miaka yote iliyo muhimu, nayo imefunikwa kwa nukta mkato. Na nyumba ya mnada ikigundua tatizo yenyewe, mara nyingi huiondoa picha mnadani kimyakimya na kumrudishia mteja, bila kuwa na wajibu wa kuwaarifu warithi. Mwaka unaofuata picha inauzwa faraghani, mahali pengine, na aliyeiuza sasa anajua hasa ni jambo gani asilitaje.

Mahali pa kuuzia nako huchaguliwa, kwa sababu ya sheria zenu, Waheshimiwa. Uingereza, mnunuzi wa nia njema hulindwa baada ya miaka sita hata kama mali iliibwa. Uswisi, kwa mali iliyonunuliwa kabla ya Juni 2005, ilikuwa miaka mitano. Sheria mpya imeweka 30 lakini haigusi yaliyopita. Ujerumani, dai hufa baada ya miaka 30, na anayenunua kwa nia njema kwenye mnada wa hadhara hupata umiliki halali hata wa kitu cha wizi, jambo linalomfanya dalali awe kisafishio. Ukienda New York, mwizi hawezi kumpa mtu umiliki ambao hakuwa nao, hata mali ipite mikono kumi. Ufaransa, amri ya tarehe 21 Aprili 1945 inamhesabu kila aliyepokea mali iliyoporwa kuwa hana nia njema. Kwa amri hiyo mahakama za Ufaransa ziliagiza Pissarro ya Simon Bauer, mkusanyaji Myahudi aliyeporwa, irudi kwa warithi wake, na mahakama ya juu ikalithibitisha hilo tarehe 1 Julai 2020, ingawa wanandoa Wamarekani walikuwa wameinunua mnadani New York mwaka 1995 kwa dola 800,000. Wahenga walisema za mwizi arobaini. Katika nchi zenu tatu, siku ya arobaini na moja mali inakuwa yake.

Mtajibu kwamba yapo makubaliano. Ndiyo: tarehe 3 Desemba 1998 serikali 44, zenu zikiwemo, zilikubali Kanuni za Washington. Miongozo ya Machi 2024 imekwenda mbali zaidi ikisema mauzo ya mtu aliyekuwa akiteswa kati ya 1933 na 1945 yanaweza kuhesabiwa kuwa hayakuwa ya hiari, kulingana na mazingira ya mauzo yenyewe, na tunaipongeza. Uswisi imeunda tume ya kushughulikia mali hizi tangu Januari 2024. Ujerumani ina baraza la usuluhishi tangu Desemba 2025. Lakini kanuni na miongozo hiyo haina nguvu ya sheria, na hakuna chombo kati ya hivyo kinachoweza kumlazimisha mfanyabiashara binafsi kuleta daftari lake mezani. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamtaka dalali wa Umoja wa Ulaya amtambue mteja wake mauzo yanapofika euro 10,000. Atachukua nakala ya pasipoti ya mnunuzi wa leo. Picha ilikuwa ya nani mwaka 1938, hatakiwi kusema.

Wasomaji wetu wa pwani ya Kenya wanaijua njia hii bila kuelezwa. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viliibwa makaburini, vikanunuliwa na wenye maduka ya vinyago, vikafika Marekani vikiwa na risiti safi. Viwili vya familia moja ya Kilifi, vilivyoibwa mwaka 1985, vilirudi mwaka 2007 kwa kuwa watafiti walikuwa na picha ya mzee wa familia akiwa amesimama navyo kabla ya wizi. Familia isiyo na picha kama hiyo haina la kuonyesha, na aliyeuza hana wajibu wa kusema.

Tunachotaka kiandikwe kwenye sheria ni hiki.

Kila kampuni au mtu mwenye madaftari ya manunuzi na mauzo ya sanaa ya kuanzia 1933 hadi 1970, awe ameyarithi, ameyanunua pamoja na kampuni, au ameyakuta darini, awasilishe nakala kamili kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ndani ya miezi 24. Tunasema 1970 na si 1945 kwa sababu faida kubwa ilipatikana baada ya vita, mali ilipokuwa ikitoka mafichoni. Kuchana, kuchoma au kupeleka nje madaftari hayo iwe jinai. Kadi za wateja, barua, nakala za katalogi zilizoandikwa pembeni na picha za glasi zihesabiwe kuwa sehemu ya daftari.

Hili limeshafanywa kwa hiari. Mwaka 2013 nyumba ya mnada ya Neumeister mjini Munich ilikuta kwenye kabati la chuma katalogi za Adolf Weinmüller, dalali aliyeneemeka wakati wa Wanazi na ambaye kampuni yake Neumeister iliinunua mwaka 1958. Zilikuwa na majina ya walioleta na walionunua. Mwaka uliofuata ziliwekwa mtandaoni kwa yeyote kusoma. Neumeister haikufilisika. Tunajua kwamba kampuni nyingine zina makabati ya namna hiyo, na zinasubiri mtu wa kuzilazimisha.

Kazi yoyote iliyotengenezwa kabla ya 1945 isiuzwe bila jalada la umiliki. Jalada liwe na picha ya mgongo, orodha ya mahali palipotafutwa na tarehe ya kutafuta, jina la mtafiti, na kila pengo la 1933 hadi 1945 liandikwe kwa maneno: hatujui ilikuwa wapi kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu. Neno "mkusanyiko binafsi" lisitoshe. Jina la aliyeleta likabidhiwe kwa rejista ya serikali, hata kama halichapishwi. Sheria ya Ujerumani ya 2016 tayari inadai uangalifu wa ziada kwa mali iliyochukuliwa na Wanazi, na ile ya Uswisi ya 2005 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 30. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kwenda kuangalia na adhabu inayouma. Tunapendekeza adhabu iwe kurudisha kamisheni yote, ya upande wa muuzaji na ya upande wa mnunuzi, iingie mfuko wa utafiti kwa ajili ya warithi wasio na uwezo wa kulipa mtafiti.

Picha ikiondolewa mnadani kwa shaka ya uporaji, ibaki pale ilipo kwa miezi 12, taarifa ipelekwe lostart.de ndani ya siku 14, na warithi watafutwe. Kuirudisha kwa mteja kimya kimya iwe kosa.

Nia njema ithibitishwe na anayeidai. Mfanyabiashara ni mtu wa kazi. Haruhusiwi kusema hakujua wakati lebo iko mgongoni na orodha ya 1946 iko wazi. Kwake ukomo wa muda uondolewe kabisa. Tunamtofautisha na mjane aliyerithi picha kwa mumewe na hajui lolote: huyo alindwe kwa fidia, na fidia itoke kwa waliofaidika na mauzo, kwa mpangilio wa nyuma kwenda mbele.

Maghala ya bandari huru ya Geneva, ambako mali huwekwa bila kutozwa ushuru, na mengineyo yaorodheshe kila kazi pamoja na jina la binadamu anayeimiliki. Jina la kampuni lisikubalike peke yake. Nyaraka za Panama, zile za siri za makampuni zilizovuja mwaka 2016, zilionyesha kwa nini: warithi wa mfanyabiashara Myahudi wa Paris, Oscar Stettiner, walikuwa wakidai picha ya mchoraji Modigliani, wakajibiwa kwamba mmiliki ni kampuni iliyoandikishwa Panama. Miaka ilipita wakishindana kuhusu nani yuko nyuma ya jina hilo, huku picha ikiwa ghalani Geneva.

Mtaletewa pingamizi, na tunazijua. Watasema siri ya mteja. Wateja wa 1942 wamekufa, na siri inayolindwa sasa ni ya kampuni. Watasema soko litahama. New York, ambako mwizi hawezi kuhamisha umiliki, ndilo soko kubwa kuliko yote duniani, na nyumba kubwa za mnada zina idara za urejeshaji hapohapo. Watasema warithi wakirudishiwa huuza. Mwenye mali ana haki ya kuuza, kuning'iniza au kugawa. Mara nyingi warithi ni watu kumi na wawili katika nchi tano, na picha moja haigawanyiki. Na watasema wafanyabiashara Wayahudi nao walikuwepo sokoni. Walikuwepo, na ndio waliovunjwa wa kwanza: Max Stern wa Düsseldorf alifukuzwa kwenye kazi yake, na Novemba 1937 picha zake 228 zikapigwa mnada Cologne kwa amri. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Marekani ilikubali kwamba mnada ule ulikuwa sawa na wizi.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri mchakato wa bungeni. Galeri za kizazi cha baada ya vita zinafungwa, wenye nazo wanafariki, na karatasi zao hupelekwa kwenye taka au huuzwa kwa uzito. Waziri anaweza kuzuia hilo wiki hii kwa agizo la kulinda nyaraka za urithi, kama mnavyolinda majengo. Tunaomba agizo hilo litolewe kabla ya mswada, na lizitaje kwa uwazi kampuni zilizofungua milango kabla ya 1960, pamoja na warithi wake na mawakili wanaosimamia mirathi yake. Majina ya kampuni hizo tunayo kutoka kwenye katalogi na orodha za wakati huo. Tuko tayari kuyawasilisha mara tu mtakapotaja ofisi ya kuyapokea.

Wenu katika kudai haki,

Watafiti wa historia ya umiliki wa kazi za sanaa